Karatasi ya Saba

Tonton Salumu,

Nimeanza barua hii mara tatu na mara tatu nimeichana. Ulinilea tangu mama yangu, dada yako, alipofariki, na hukunifundisha kudanganya. Hilo nilijifunza mwenyewe.

Kwanza habari za nyumbani. Waasi wameondoka, askari wa serikali wamerudi kambini Kapalata. Mashini yako ya kushona bado iko barazani, na mkeo Mama Zaina hataki mtu aiguse. Mtaa wetu hapa Tshopo umefutwa. Ofisi ya komine imeuunganisha na wa jirani, na karani anaandika kitabuni nani alichaguliwa wapi. Historia yetu ya kura ni fupi. Tulipiga mara moja, Wazungu wakiwa bado wapo, tukapata konseye mmoja wa kutusemea kwenye komine, wewe. Kati ya tuliokaa kwenye meza ile ya kura nimebaki mimi tu, kwa hiyo nimeitwa Jumatatu nikaandike mstari wa mtaa wetu.

Unaikumbuka meza yenyewe. Nilikuwa mwalimu, mwandiko wangu mzuri, wakaniweka niwaandikie wasioweza kuandika. Mtu anainama, ananinong'oneza jina sikioni, naandika, karatasi inakunjwa na kuingia sandukuni. Wengi walimtaja Papa Ramazani, fundi wa baiskeli. Roho iliniuma. Nilikuwa nimeshajiona mpwa wa konseye, nikienda kwa wakwe zangu Kabondo na watu wakinipisha njiani. Bibi Fatuma aliponong'ona "Ramazani," niliandika Salumu. Niliandika kwa mwandiko wangu uleule mzuri, Tonton, na naona haya kulisema. Nilifanya hivyo mara saba. Ulishinda kwa kura nne.

Matokeo yaliposomwa ulisema, "Bon, kama watu wamenitaka, miye siwezi kukatala." Na hukukataa kweli. Uliacha suruali za watu zimeshonwa mguu mmoja tu ukaenda kudai bomba la maji, hadi wakakutania, konseye wa mguu mmoja. Bomba lilikuja. Mimi nilikuwa natembea nyuma yako kifua mbele.

Kisha waasi wakaingia, wakaanza kumtafuta kila aliyekuwa na cheo. Papa Ramazani mwenyewe alikuletea mtumbwi akuvushe mto. Tulikusihi wote. Ukasema, "Watu walinichagua, mutoto yangu. Alors nikikimbia leo, kesho nitawaangalia na macho gani?"

Nilikuwa na neno moja la kukuokoa. Hawakukuchagua. Lilifika mdomoni nikalimeza, kwa sababu niliogopa uso wako kuliko bunduki zao. Siku ya pili yake walikuchukua, na hukurudi tena. Papa Ramazani ndiye aliyekuja kunishika mkono na kunipa pole, na mimi niliipokea.

Sasa Mama Zaina ametundika ukutani, ndani ya fremu ya kioo, ile barua ambayo komine ilikuandikia ulipochaguliwa. Kila mgeni lazima aione. "Walimupenda sana," anasema, na anafuta kioo kwa kitenge chake. Nikisema ukweli namnyang'anya hata hilo, yeye ambaye nimeshamnyang'anya mume. Nimetafuta njia ya kumficha. Nimejiambia wafu hawasomi vitabu vya komine. Ni woga uleule, Tonton, naujua sasa.

Na siwezi hata kujitetea kwamba sikuujua moyo wako. Ndugu ndio waliokusukuma usimame kwenye kura. Siku ile ya kura ulisahau miwani juu ya mashini, ukaja mezani kwangu kama wengine. Uliinama ukicheka, koti lako likinuka mafuta ya mashini.

"Andika Ramazani," uliniambia. "Miye niko mutu ya sindano tu. Usiambie ndugu, watakasirika."

Hiyo ndiyo ilikuwa karatasi ya saba. Ulikuwa umesimama mbele yangu, ukiniamini, na niliandika Salumu.

Kesho nitakaa na Mama Zaina nimwambie yote, anifukuze akitaka. Kisha nitakwenda kwa Papa Ramazani. Jumatatu, mbele ya karani, nitaandika jina lake, na chini yake jina langu na nililolifanya. Siombi unisamehe, sijui hata mtu anaombaje jambo kama hilo. Lala salama, Tonton. Kura yako nitaiandika kama ulivyoninong'oneza.

Mpwa wako,
Idi