Kanuni za Mchezo wa Faraj

Khairiya, uko? Nimetoka kwa binamu yangu Faraj sasa hivi na roho imenichafuka, wallahi.

Waujua ule mchezo wake wa kuigiza wahusika, wa Mombasa ya mwaka 1962 yenye majini na uchawi? Leo nilimpeleka Mwikali, yule ninayefanya naye kazi.

Mwikali akasema atakuwa mnajimu. Faraj akamwambia, "Unajimu ni wa watu wa Mji wa Kale. Watu wa bara huchagua uhamali au utumishi."

UHAMALI, Khairiya! Mbele ya mgeni wangu!

Mwikali akamtazama. "Yaani majini kuruka juu ya mapaa yawezekana, lakini Mkamba msomi hawezekani?"

Faraj hana haya: "Zamani ndivyo ilivyokuwa, dada. Usikasirike, huu ni mchezo tu."

Na mimi muda wote huo nimekaa kimya naitazama kahawa. Najichukia.

Mwisho nikamwambia, "Kama ni mchezo tu, Faraj, ifute hiyo kanuni."

Akakataa.

Kanuni aliyoitunga mwenyewe, shoga, akakataa kuifuta! Nikamshika Mwikali mkono tukatoka. Viatu tumevivalia njiani.