Kopo la Wa Kuja

Chumba cha uani,
Msimbazi, Dar es Salaam.

Dada yangu mpendwa Chiku,

Shikamoo. Goti la Mama limepoa? Watoto nawabusu mmoja mmoja, na shemeji mpe salamu zangu hata kama amenuna. Mimi ni mzima, nimenenepa mashavu, na nikikwambia ndoa ni tamu utasema nimeanza, kwa hiyo nivumilie.

Seifu, Dada, ni Seifu kweli. Jioni akitoka kwenye duka lake la vipuri husimama kwanza bombani, akasugua mikono kwa sabuni ya unga na limau mpaka oili yote iishe, ndipo anisogelee. Anasema kanga yangu haina kosa. Jina langu analitamka taratibu, kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Ningejaza kurasa kwa Seifu peke yake, lakini nina kinyaa kimenikaa kooni na ni afadhali nikitapike hapa.

Unajua tulianza maisha kwa mama yake, Bi Kijakazi, kule Gerezani. Siku niliyoingia, wifi yangu Mauza hakuniuliza jina, aliniuliza mimi ni wa wapi. Nikasema wa Ujiji. Akawaita waliokuwa uani waje wamwone bibi harusi kutoka mwisho wa reli, kule ambako hata treni ikifika inakuwa imechoka. Wakacheka na mimi nikacheka nao, nikidhani ni utani wa siku moja. Kumbe ndiyo lilikuwa jina langu. Mwisho wa Reli, leta chumvi. Mwisho wa Reli, funga mlango. Mpangaji wa chumba cha nyuma, Hyasinta, ambaye ni mshonaji, wanamwita Mbinga. Mzee anayewabebea magunia ya mchele wanamwita Dodoma, ingawa amewaeleza hadi kuchoka kwamba kwao ni Singida. Wao wenyewe wanajiita watoto wa mjini, na ukishajiita hivyo huna haja ya kueleza kitu kingine. Sisi tuliobaki ni wa kuja, eti tumeingia mjini na mbio za mwenge.

Maneno ningeyameza. Mafuta ya mawese aliyonifungia Mama waliyaita ya kutengenezea sabuni, nikayakuta msalani karibu na brashi, na hilo pia nilijikaza nikalimeza. Kilichonishinda ni kopo.

Pale uani kuna pipa la maji ya kunywa. Juu yake vimetundikwa vikombe vyeupe vya watoto wa mjini. Chini, juu ya tofali, kuna kopo la plastiki la bluu, limepasuka mdomo, ndani lina utelezi wa kijani na nzi wanalala humo. Haliguswi na maji ya sabuni. Mimi nilidhani ni la chooni. Kisha nikamwona yule mzee wa Singida, jasho linamchuruzika, akiinama kulichukua bila kuambiwa, huku Mauza akivuta kikombe chake pembeni. Nikaenda kusimama nje barabarani, Dada, nipate hewa. Hyasinta aliniambia naye alilinywea mwanzoni, mpaka aliponunua kikombe chake, na hadi leo anakificha chini ya cherehani.

Mimi nilipewa kikombe cheupe. Bi Kijakazi aliniambia kwa upole, na upole huo ndio ulionichefua zaidi, kwamba mwanawe ameshanitoa ushamba. Lakini aliposikia Mama anakuja kuona binti yake anapoishi, akasema mgeni wangu atalala kwa Mbinga na atanywa wanakonywa wenzake. Nikamuuliza kama anamaanisha lile kopo. Akajibu kwamba kila mtu na pahali pake, mwanangu, hapa ni mjini. Akilini nilimwona Mama, na goti lake, akiliinamia lile tofali.

Ijumaa kilikaa pale uani chama chao cha kuzikana. Nilishonewa sare ili niingizwe, na desturi yao ni mgeni asimame ajitaje kuwa mtoto wa mjini, wapige vigelegele, yaishe. Nikasimama. Nikasema mimi ni Sitara binti Abubakary, wa Ujiji, na reli wanayonichekea ina ncha mbili, moja iko kwetu na nyingine iko hapo nyuma ya nyumba yao. Nikasema mama yangu anakuja, naye atanywa ninapokunywa mimi. Kisha nikainama, nikachota maji kwa kopo la bluu, nikanywa mbele yao wote. Yalinuka kama kitambaa cha jikoni. Mauza akanizomea kwamba kumbe mwenge wenyewe bado ninao mkononi.

Sikujua kwamba Seifu yuko mlangoni. Alikuja na oili yake mikononi, hakupitia bombani, akanipokonya lile kopo na kumalizia maji yote. Mama yake alifyonya, akaingia ndani. Baadaye Seifu aliniambia kwamba amelipita kopo lile tangu utotoni na hakuwahi kuliona. Nilimpenda upya, ingawa huko kutoliona nako kulinichukiza kidogo.

Sasa nikwambie nililolizunguka tangu mwanzo, na labda umeshaona pale juu kwamba sikuandika Gerezani. Hatuko kwao tena. Bi Kijakazi alimtaka Seifu aniombee radhi kwa chama kizima au atoke, naye akatoka, na mama yake hapokei simu zake. Hilo linamuumiza kuliko anavyonionyesha. Mama yetu usimfiche, ila mwambie akiwa ameshakaa vizuri kwenye treni, asije akaghairi.

Tumepanga chumba kimoja. Tuna godoro, jiko na kikombe kimoja, tunapokezana, na mimi sina haraka ya kununua cha pili. Mama akifika ndiye atakayeanza kunywa. Mfungie mawese mengine, yale ya kwanza niliyamwaga.

Wasalimie wote wanaoniuliza, na asiyeniuliza msalimie pia.

Mdogo wako anayekupenda,
Sitara, wa Ujiji