Butura ya Nyimbo Zangu

Jumamosi, Kanazi. Mvua ya juma lililopita imefanya kazi yake, na leo mibuni yote imechanua. Chini ya migomba kibanja kizima, shamba letu la nyumbani, ni cheupe. Harufu inanifuata mpaka kitandani. Ni asubuhi, nimelala tu, nusu naota, nusu nasikiliza redio ya mama jikoni.

Redio inaimba pesa. Mmoja analia kaachwa kwa kuwa hana kitu, mwingine anasema moyo wake ulikuwa mtaji na binti kamtia hasara. Nawacheka, lakini mimi ni nani? Wimbo wangu uliopendwa Bukoba nzima ni wa pesa vilevile, ingawa watu wanadhani ni wa mapenzi: "Ulininunua nikiwa ua, nimeiva sina changu."

Ni wa butura. Mnunuzi anakuja kahawa ikiwa bado maua, anampa mkulima hela kidogo, na msimu ukifika mavuno ni yake. Huyo mkulima nilimwimba kama mjinga. Watu wakacheza.

Sasa mwenye studio mmoja mjini ananitaka. Hela taslimu, Jumatatu nisaini. Ananunua nyimbo zangu zote za miaka mitano ijayo.

Ambazo sijazitunga.

Wiki nzima nimetembea kama niko mawinguni, naota gitaa jipya na chumba chenye dirisha la kutazama ziwa.

Leo mchana tulikuwa tunamenya ndizi, wimbo wangu ukapigwa. Mama akaweka kisu chini, akatikisa mabega. Kwa furaha nikamweleza habari ya studio. Akauliza nyimbo zenyewe ziko wapi. Nikamwambia bado ziko kichwani.

"Waitu! Zikiwa maua?"

Akacheka mpaka akajifuta machozi. Kisha akaniuliza, taratibu, yule mjinga wa kwenye wimbo nilimtoa wapi. Nikasema wako wengi tu.

"Ni mimi, mwanangu. Ulipochaguliwa kwenda sekondari Muleba, baba yako tulikuwa tumetoka kumzika. Niliuza maua ya upande ule wote."

Akanionyesha kwa kisu, akaendelea kumenya.

Sikujua. Miaka yote nilidhani ada ilitoka kwenye mavuno. Niliona aibu, masikio yakawaka moto, na redio haikuwa na haraka ya kuumaliza ule wimbo.

Jioni hii nimekaa upande ule. Nyuki bado wanavuma. Gitaa nalitaka, sitajidanganya, na dirisha pia. Nimefumba macho nikajaribu kuusikia wimbo ambao bado haujaja. Upo mahali, mdogo, hauna hata maneno.

Jumatatu nitamwambia hapana. Akitaka, nitamuuzia wimbo mmojammoja, ukishaiva.

Mama alishauza maua mara moja kwa ajili yangu. Nikienda kuuza na ya kwangu, yale ya kwake yatakuwa yalinunua nini?