Ng'ombe Niliyemtunga

Dada Minza, mwangaluka!

Niko Lalago kwa shangazi Holo, nalala juu ya pamba. Mavuno yamejaa chumba kizima, hivyo ametandika shuka juu ya lundo, nami nazama humo kama tulipokuwa wadogo.

Unamkumbuka yule ng'ombe mweupe wa babu kwenye riwaya yangu? Nilimtunga mwenyewe, nikiwa Dar. Sasa shangazi kasomewa kitabu na wajukuu, na jana tukila michembe ya viazi kwa maziwa mgando akaniambia, "Umemwandika vizuri ng'ombe wa baba. Ila umemsahau ndama wake."

Jirani akadakia, "Yule mwenye doa pajani!"

Wakamkumbuka kwa upendo kiasi kwamba nikakosa moyo wa kuwakatalia.

Leo jioni ng'ombe walirudi taratibu, vumbi likielea juu yao kama moshi wa jikoni. Shangazi alipoanza kufunga zizi, nikajisikia nikimwambia, "Subiri, shangazi. Bado mmoja."

Wala hakushangaa. Akaliacha wazi.

Njoo, dada. Nimekuwekea nafasi kwenye pamba.

Mdogo wako,
Kabula