Uso wa Kijani

Baba,

Nakuandikia kutoka Nakaloke, mchana huu, na mlango nimeufunga kwa komeo. Usiucheke mwandiko wangu, naandika kwa haraka.

Tangu ulipotutoka televisheni zimebadilika mno. Unaikumbuka ile yetu ya Jinja? Kabati zito la mbao, tunaiwasha kisha tunangoja valvu, zile taa za ndani, zipate moto, na majirani wa Mafubira washajaa mkekani. Picha ya kijivu, chenga tupu, nawe umeng'ang'ania eriali kama mtu aliyeshika mbuzi wa sherehe. Siku hizi valvu zinatoweka, kioo kimekua, na picha ina rangi. Rangi, Baba. Natamani ungeiona.

Ila rangi hiyo imeniletea balaa. Kwenye ile ya kijivu nyuso zote zilifanana, hakuna aliyemgombeza fundi.

Jana afande mmoja wa kambi ya Mbale aliniletea televisheni yake niitengeneze. Alikuwa ameweka spika kubwa ya muziki juu yake, na sumaku ya spika ikavuruga rangi za kioo. Nikaiwasha. Mkubwa wa nchi alikuwa akihutubia, uso kijani kama mchicha. Afande hakucheka. "Wewe mama, nani napaka Mkubwa rangi? Kesho nataka sura yake."

Nikasokota koili ya waya wa shaba, vile ulivyokuwa ukisokota zako, nikaitia umeme, nikaizungusha mbele ya kioo kuifuta ile sumaku, huku nikirudi nyuma polepole. Kijani kikaondoka. Sura ikarudi ya mtu.

Nikadhani nimepona. Leo asubuhi afande kaja, katazama, katabasamu. "Wewe iko fundi kweli. Kesho gari nakuja kukuchukua. Utakaa kambini, tengeneza ya wakubwa yote."

Baba, fundi wa friji wa hapa mtaani naye alichukuliwa kwa sifa hizo hizo. Mkewe bado anauliza aliko, na watu wanainamisha macho.

Silingoji hilo gari. Nimejifunga leso, nina kikapu cha vitunguu kama mchuuzi, naelekea mpakani. Vifaa vyako nimevifukia nyuma ya nyumba. Niwie radhi, sitaweza kupita Jinja kukusomea dua kaburini.

Pumzika, Baba yangu. Nakuahidi nitavuka nikiwa hai. Na askari wa njiani akiniuliza baba yangu alinifundisha kazi gani, nitamwambia hukunifundisha kitu.

Mwanao,
Zaina