Ufunguo wa Stoo ya Endarasha

Kwa mama yetu mpenzi, Watiri wa Theuri, uliyetuacha tarehe 9 Machi 1977

Mwaka umezunguka, Mama, tangu kifua kilipokuchukua mvua za masika zikianza. Viazi vimepandwa na kuvunwa mara mbili bila wewe kutukemea, na mara zote mbili vingine vimeozea stoo, maana hakuna kati yetu anayejua kuvichagua kwa kuvigusa tu kama ulivyofanya wewe.

Tunaukumbuka mkono wako wazi, na ulimi wako uliokuwa mkali kuliko pilipili. Ulimkaripia mtu huku unamjazia kikombe cha chai. Wachuuzi wa Nyeri mjini walikuogopa, lakini hakuna aliyenunua gunia kwingine.

Tunakumbuka pia ulivyokuwa ukimsifu Gicheru, mshonaji wako wa magunia. Ulimsifu mpaka Nderitu, kifungua mimba wako, akamchukia kidogo. "Angalia Gicheru," ulimwambia kila alipochelewa. "Hakuna siku nimefika kabla yake. Na yeye anatoka mbali!" Halafu mwaka ule wa 1966, wakati wa baridi, ghafla ukaacha kumsifu na ukaanza kuimba. Kila asubuhi ukifika kwenye kona kabla ya stoo, uliinua wimbo wa kanisa kwa sauti ya kuamsha kijiji kizima. Ukifika mlangoni unanyamaza. Nderitu aliona haya kutembea nawe. Akakuuliza kwa nini usimwimbie Mungu nyumbani.

"Mungu iko mahali yote," ukamjibu, "hata kwa kona."

Uliimba majuma mawili, kisha ukaacha. Tulikutania miaka mingi kuhusu ule ulokole wako wa majuma mawili, nawe ulicheka tu.

Nderitu anakumbuka siku ulipoacha. Ulimwita Gicheru mbele ya wapakiaji wote, ukamwambia, "Mimi niko na shida. Hii stoo inataka mlinzi, mtu wa kulala hapa kabisa. Unaweza kunisaidia?" Gicheru alichomeka sindano yake kwenye gunia. "Naweza, Mama Nderitu," akasema. Ukatoa mbegu kwenye kile chumba cha nyuma, ukaweka kitanda, jiko na blanketi mbili, ukampa ufunguo. Nderitu alikwenda nyumbani akicheka. Mlinzi wa viazi, Endarasha, ambako kila mtu ana shamba la viazi!

Miaka kumi na mmoja Gicheru alikaa pale. Saa ya chai alikusomea gazeti, kwa sababu wewe hukusoma na yeye alijifunza herufi akiwa kizuizini wakati wa ukoloni. "Anza na wale wamelala," ulimwambia kila siku. Akaanza na ukurasa wa vifo na kumbukumbu, jina baada ya jina, nawe hata kwa usiowajua ulisema, "Pole yao." Ndipo mkaendelea na bei ya viazi na mambo ya serikali.

Sasa tunafika mahali ambapo tungependa kuruka, Mama, lakini wewe ungetukamata.

Miezi miwili baada ya kukuzika, Nderitu alinunua mlango wa chuma na kufuli kubwa huko Nyeri. Sote tulikubaliana naye. Akamwambia Gicheru kwamba stoo haihitaji mlinzi tena, na magunia yatashonwa na wapakiaji. Akampa haki yake yote. Gicheru alifagia chumba, akakunja blanketi, akatundika ufunguo kwenye msumari wake. Aliomba kitu kimoja tu, ile sindano ya gunia. Nderitu akampa, akamshika mkono kwa heshima, kama ulivyotufundisha kuaga mtu mzima.

"Nenda salama, mzee. Salimia watu wa kwenu."

"Nitawasalimia," Gicheru akasema.

Mwezi wa nane Kabura, rafiki yako muuza kabichi ambaye sisi humwita tata, yaani shangazi, alikuja kututembelea. Akauliza, "Gicheru yuko wapi?" Nderitu akamweleza habari ya kufuli. Tata Kabura aliweka kikombe chini.

"Ati kufuli? Nyinyi watoto, nani alikuwa anaiba viazi Endarasha? Hata panya ya huku iko na shamba yake! Mama yenu hakuwa anatafuta mlinzi. Alikuwa anatafutia mtu nyumba."

Ndipo akatueleza kile ulichomwambia yeye peke yake. Kwamba asubuhi moja uliwahi kuliko kawaida, umande umeganda kwenye nyasi, ukamwona Gicheru akitoka chini ya magunia nyuma ya stoo, akijikung'uta udongo. Kumbe hakuwa akifika mapema. Alikuwa haondoki. Aliporudi kutoka kizuizini alikuta shamba la baba yake limeandikwa jina la mtu mwingine, na hakuwa na kwao tena. Ulirudi hadi kwenye kona bila yeye kukuona, ukaanza kuimba, ili apate nafasi ya kuamka na kunawa kama watu wengine. Ukaimba hivyo mpaka ulipopata njia ya kumpa chumba bila kumwaibisha.

Nderitu alitoka nje. Alikuwa amekumbuka maneno yake mwenyewe, salimia watu wa kwenu.

Majuto ni mjukuu, husemwa, na huyu wetu amezaliwa na meno. Nderitu amemtafuta Karatina, Kianyaga na Kerugoya. Huko Kutus, dukani, aliona gunia la mahindi limeshonwa mdomo kwa mishono miwili miwili, na pembeni fundo lile la Gicheru ambalo hakuna mwingine aliyelijua. "Huyo mzee?" mwenye duka akasema. "Alikuwa analala hapo nyuma. Mvua ilikuja, akaenda. Sikuuliza." Nderitu hakuweza hata kumlaumu.

Tumeyaandika haya yote hapa, Mama, hadharani, ingawa ndugu wengine wamesema tunajivua nguo. Ni kwa sababu tunamjua mtu mmoja ambaye, akipata gazeti, hata lililofungiwa nyama, huanza na ukurasa huu.

Gicheru, mzee wetu, tuwie radhi. Kufuli tumelitoa. Chumba kimefagiliwa, na ufunguo uko kwenye msumari wake. Hakuna kitu cha kulinda. Njoo nyumbani.

Nawe Mama, ujue kwamba Nderitu huimba kwenye kona kila asubuhi kabla ya kufungua stoo, isije ikawa kuna mtu amerudi na angependa kunawa kwanza. Sauti yake ni mbaya sana na maneno ya ubeti wa pili hayajui. Anaimba tu.

Unakumbukwa na mume wako Theuri. Watoto wako Nderitu, Warigia na Wamae. Wakaza wana, wajukuu, rafiki yako Kabura, na wapakiaji wote wa Endarasha.

Hatutakusahau kamwe, Mama, wala hatutaacha kumtafuta.