Ufito Aliopimiwa Haji

Jumapili, 3 Agosti 2025

Leo wiki kumi na saba tangu nitoke Saadani. Nilisema miezi miwili. Nipo Mapinga bado. Nyumba ya huyu bwana wa mjini haiishi – tukimaliza ukuta anakuja na gari lake, anataka dirisha lihamie upande wa pili. Mimi nabeba zege. Miaka arobaini na saba, nabeba zege.

Mke wangu Zuwena kapiga simu asubuhi. Nikadhani mtoto anaumwa. Hapana. Watu wa Magereza wamefika nyumbani, na mama mmoja wa ustawi wa jamii, mwenyekiti wa kijiji kawaleta. Bwanaheri kaomba parole. Yaani atolewe kabla kifungo hakijaisha, akamalizie uraiani, watu wakimwangalia. Wanataka neno la familia ya marehemu.

Marehemu ni Haji, mdogo wangu. Bwanaheri ndiye aliyemuua.

Mama kawaambia: kamuulizeni Twalib, ndiye aliyesimama mahakamani. Wamemwachia Zuwena namba ya simu. Alhamisi ya wiki ijayo niende Bagamoyo mjini, kwenye ofisi yao.

Mchana sikula.

Jumanne, 5 Agosti

Mgongo. Simenti imenila vidole, kalamu haishikiki vizuri. Naandika hivyo hivyo.

Miaka kumi na tisa. Kwanza alihukumiwa kunyongwa. Wakapunguza, ikawa maisha. Wakapunguza tena, ikawa miaka. Kila wakipunguza Mama alikuwa analala siku mbili bila kusema na mtu. Haji hapunguziwi. Haji hana bodi ya parole ya kuomba atoke.

Lakini niandike na hili, maana hapa hasomi mtu. Haji alikosea. Mashamba ya chumvi yao yalipakana. Bwanaheri alikuwa na vitalu vitatu, chumvi imeshaganda, bado siku mbili aikokote. Haji akafungua mlango wa maji wakati wa bamvua, bahari imejaa, ili ajaze vya kwake. Akasahau kufunga. Au hakusahau, sijui. Maji yakaingia kote. Kazi ya miezi ikayeyuka Bwanaheri akiangalia. Wakatukanana. Bwanaheri akampiga koleo, mara moja, nyuma ya shingo.

Hakukimbia. Tulimkuta amekaa kwenye maji ya chumvi, kichwa cha Haji kipo mapajani kwake.

Ijumaa, 8 Agosti

Leo nimemkaba Ridhiwani. Naona haya kuandika.

Ridhiwani ni fundi wetu, Mnyamwezi wa Tabora. Mimi Mzigua. Basi tangu nifike hapa ni utani asubuhi mpaka jioni. Ananiita mtumwa wake, mimi namwita mla panya. Kandambili zangu anaziuza mbele yangu. Nacheka. Ndiyo desturi, mtani hakasirikiwi.

Leo tumetoka kuswali, nimejilaza kwenye mifuko ya simenti, usingizi ukanipitia. Nikasikia watu wanacheka. Kufumbua macho – Ridhiwani ameninyooshea futi yake ya chuma toka utosini mpaka kisiginoni. Anawaambia wenzetu: "Mzigua huyu futi tano na nusu. Miye nitamchimbia tano tu, miguu ibaki nje aanikie nguo!"

Sijui nilinyanyuka vipi. Nilimshika koo. Watu wanne wakanitoa.

Hakunirudishia. Akasema, "Mtani, umeanza lini kukasirika?"

Nikaenda kukoroga zege peke yangu mpaka jioni.

Jumapili, 10 Agosti

Sina kazi leo. Niandike lote.

Ukoo wa Bwanaheri na ukoo wetu ni watani tangu mababu. Tukifiwa, wao ndio wanachimba kaburi, wao ndio wanatuchekesha kwenye msiba. Wakifiwa wao, sisi. Bibi yetu alikufa siku tisa kabla ya Haji. Bwanaheri akaingia na ufito kupima maiti, ili kaburi lichimbwe kwa kipimo. Akatoka nje. Haji alikuwa kajinyoosha mkekani, wenzake wanapasua kuni. Bwanaheri akampima na yeye kwa ufito ule ule, akauvunja penye kisigino, akaupachika kwenye makuti ya paa letu. "Na wa huyu mvivu tayari. Msije kunisumbua mara ya pili." Watu walicheka mpaka wakalia. Mama alimmwagia maji ya kunawia. Hata mimi nilicheka.

Kisha Haji akafa.

Mahakamani nilikamata Msahafu nikaapa. Nikaulizwa, kulikuwa na ugomvi kabla? Nikasema: siku tisa kabla, alimpima kwa kipimo cha kaburi, akasema wa huyu tayari. Bwanaheri akapaza sauti kule alipokaa, mheshimiwa, ule ulikuwa utani, sisi ni watani! Jaji akanigeukia. Ni kweli mna utani?

Nikasema hapana. Utani na wale tulishauacha zamani.

Basi. Maneno hayo tu. Jaji kwenye hukumu akasema kipimo kile kinaonyesha mtu aliyedhamiria kuua. Nilisikia neno hilo, dhamiri... dhamira, nikamuuliza mtu maana yake nje.

Kijiji kizima kilijua. Hakuna aliyesema. Tulikuwa na machungu, na wao walikuwa na aibu. Tangu siku ile nyumba zile mbili hazitaniani. Mama yake Bwanaheri alipokufa tulikaa ndani. Hatukuchimba.

Jumanne, 12 Agosti

Nimempigia Mama. Shikamoo, marahaba, hali, kuku, mvua. Halafu nikamuuliza yeye anasemaje.

Hakupaza sauti. Kasema: "Mkono wa hasira, Twalib, mwanangu, ningeusamehe. Hata baba yenu alikuwa na mkono wa hasira. Lakini yule alimpima. Alikula wali wangu, akampima mwanangu, akasubiri siku tisa."

Nikamwambia, Mama, siku ile ulicheka.

"Ndiyo linaloniuma. Nilicheka. Nilidhani utani, kumbe mwenzangu ana lake moyoni. Jaji msomi kaliona, miye sikuliona."

Kasema asitoke mpaka yeye awe udongoni.

Nilitaka kusema. Nikaaga tu.

Alhamisi, 14 Agosti

Bagamoyo. Nimeomba ruhusa, nimevaa shati la Idd. Ofisi ndogo, feni haizunguki. Afande mmoja wa magereza, na Bi Nasrin wa ustawi wa jamii. Mama mwenye adabu. Akanipa kiti, akanipa pole ya safari.

Afande akasoma kwenye faili. Bwanaheri amefundisha wafungwa kusoma, wamefika zaidi ya sitini. Anajenga, nyumba mbili za maaskari ukuta ni wake. Hana kosa gerezani tangu mwaka wa pili. Anaumwa kifua. Dada yake Shufaa yuko tayari kumpokea, pale pale Saadani, nyumba ya tatu kutoka kwa Mama.

Nikauliza, hayo yote yanamrudisha Haji? Afande akasema hapana, na hakuna aliyesema yanamrudisha. Akasema wao hawafuti kosa. Wanauliza kama mtu wa leo bado ni wa kufungiwa.

Bi Nasrin akasema walimuuliza Bwanaheri: ukitoka utafanya nini kwanza? Wengi husema nitakula pweza, nitaona watoto. Yeye kasema: "Nitakwenda kaburini kwa Haji. Mtani wangu alizikwa na watu wengine. Kipimo nilipima mimi."

Bi Nasrin kasema yeye hakuelewa maana yake. Mimi nikaelewa. Nikaomba maji.

Nikauliza – shahidi akiwa alisema kitu mahakamani, kumbe sicho? Bi Nasrin kalamu ikasimama. "Alikosea, au alidanganya?" Nikamaliza maji. Afande akasema polepole kwamba hiyo si kazi ya bodi, hiyo ina njia yake, na njia hiyo inaweza kumgusa huyo shahidi. Bi Nasrin akanipa karatasi. Niandike ninachojua, kiwe kidogo kiwe kikubwa, familia iweke saini, watakuja kuichukua Saadani Jumanne tarehe 26.

Jumamosi, 16 Agosti

Zuwena nimemwambia yote kwenye simu. Yeye ni wa kwanza kujua toka kinywani kwangu. Kaniambia nirudie la kiapo, nikarudia. Kisha: "Baba Adila, tuna watoto wanne. Ukienda wewe ndani, bodi itanirudishia nani?"

Ana haki.

Jumatatu, 18 Agosti

Karatasi bado nyeupe.

Jumatano, 20 Agosti

Nimemwomba Ridhiwani radhi. Tulikuwa juu ya jukwaa, hakuna wa kutusikia. Nikamsimulia kisa chote. Hakucheka hata mahali pa kucheka.

Nikamuuliza, wewe unaonaje, mtu aliyeua atoke? Kasema yeye hajui ya Bwanaheri. Aliua, na amekaa miaka ya kuua. Kisha kasema: "Lakini miaka ya kudhamiria amekaa ya nani? Hiyo ni yako, mtani. Umemkopesha."

Nikakaa chini juu ya mbao.

Nimefikiri hivi. Sijui kama namsamehe. Nikimkumbuka Haji nyuma ya shingo, simsamehe. Kama familia itasema abaki kwa sababu ya koleo, sawa, hiyo ni haki yetu na tuiseme. Lakini Mama anamfunga kwa ufito. Na ufito ule niliufanya mimi uwe silaha. Siwezi kumwachia mwanamke wa miaka sabini na tisa aweke saini juu ya uongo wangu, halafu afe nao.

Ridhiwani kasema atanisindikiza, mtani ndiye wa kupeleka habari nzito, amsemee Mama. Kweli ndiyo desturi. Nimemkatalia. Uongo ulipita kwenye mdomo huu.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimeandika. Mistari minane. Nimesema tulikuwa watani, na siku ile tulikuwa tunatania, na niliulizwa nikakana. Nimesema alimuua Haji, kwa pigo moja, kwa hasira. Juu ya kutoka au kubaki nimeacha nafasi, Mama aseme mwenyewe akishajua. Nimeweka jina langu lote. Herufi zimelala kama zimelewa.

Jumamosi, 23 Agosti

Begi tayari. Karatasi nimeitia ndani ya mfuko wa nailoni nikaifunga shatini.

Ridhiwani kaja kuniaga na futi yake. Kasimama mbali kidogo, kama anaomba ruhusa. "Mama yako asipokuzika Jumapili, niite miye. Kipimo ninacho." Nikacheka. Sikujua kama bado naweza. Nikamwambia, mla panya wewe, utazikwa kabla yangu.

Baada ya alasiri nikampigia Mama. Amefurahi! Kasema ataniwekea wali wa nazi, na kibua kama atapatikana. Kauliza, unakuja tuweke saini asitoke? Nikasema nakuja na karatasi, Mama. Ina maneno, nataka nikusomee mwenyewe.

Maneno gani?

Nikasema, nikifika. Halafu nikamwambia lililokuwa limenikaa kooni tangu asubuhi: amwite na Shufaa. Shufaa dada yake Bwanaheri. Aje akae naye barazani, wasikie pamoja.

Miaka kumi na tisa jina hilo halijatajwa nyumbani kwetu. Nikamsikia anavuta pumzi. "Twalib, kuna nini?" Mara simu ikakatika. Sijui mtandao, sijui yeye. Nimepiga mara mbili, inaita tu.

Nimemtumia Zuwena ujumbe amwambie Mama amwite Shufaa. Kesho nakwenda na gari la kwanza la Bagamoyo, kutoka pale bodaboda mpaka Saadani. Kesho Jumapili, kabla ya adhuhuri, nitakuwa nimesimama mlangoni kwa Mama.